Kibano cha Bi Mwaija

Siku Bi Mwaija alipomng'oa Munira ngozi badala ya ukope, hakuna aliyepiga kelele. Munira alivuta pumzi tu, akatulia, damu ikamtelemka shavuni mpaka kwenye pindo la kanga. Bi Mwaija akakitazama kibano chake mkononi. Alikitazama kwa hasira, maana mwanamke yule hakuwahi kukubali kosa maishani mwake bila kwanza kulitafutia mtu wa kumtwika.

"Leo umechukua nyama, mwenzangu," Munira alisema.

"Umetikisika wewe."

"Mimi? Mimi nimekaa hapa kama kinu."

Na kweli alikaa kama kinu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, barazani kwa Bi Mwaija, Chanika ya Handeni, na Munira alikuwa ameelekeza uso kwenye jua kama alivyofanya kila Ijumaa kwa miaka mingi. Jua lenyewe hakuliona. Munira ni kipofu wa macho yote mawili, mwaka wa nne sasa. Lakini kope zake hazikujua kwamba macho yamekwisha. Ziliendelea kuota zikielekea ndani na kumchoma usiku na mchana, na kila Ijumaa alishika fimbo yake akaja kung'olewa.

Kwa asiyejua, ugonjwa wa vikope ukikuanza utotoni ukawa unarudi na kurudi, ngozi ya ndani ya kifuniko cha jicho hukunjamana kama ngozi iliyoungua moto. Ukingo unajipinda, kope zinageuka ndani, na kila ukipepesa zinakwangua mboni. Dawa ya wazee ni kuzing'oa. Inauma, haya, lakini unapata wiki moja mbili za raha kabla hazijaota tena. Bi Mwaija aliirithi kazi hiyo kwa mama yake pamoja na kibano cha chuma kilichofuliwa na mhunzi ambaye jina lake lilishasahaulika. Malipo yake yalikuwa yai, au fungu la mchicha, au habari mpya ya mtaani. Alichovya vidole kwenye jivu visiteleze, akaegemeza kidole chake cha mwisho kwenye mfupa wa shavu la mtu, akavuta. Ukope ukitoka aliulaza juu ya kiganja cha mwenye jicho auone. "Ushahidi huo," alisema. "Usije ukasema Mwaija kakudanganya."

Maana kudanganywa ndiko alikokuogopa kuliko simba. Huyu mama, jamani! Akinunua kiberiti anahesabu njiti. Ukimwamkia mara mbili kwa siku moja anakuuliza umeharibu nini. Marehemu mumewe, mzee Mhina, alipomletea kitenge bila sikukuu wala harusi, alikikataa siku tatu mpaka yule mzee akaapa mbele ya ndugu zake kwamba hana mke wa pili kokote, kakipenda tu dukani. Watu walicheka wakazoea. Ndivyo alivyo, walisema, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nyoka aliyemuuma Bi Mwaija, Chanika nzima ilimjua. Alikuwa sindano.

Miaka ishirini na kitu iliyopita walikuja waganga wa macho na gari, wakapanga vitanda kwenye darasa la shule, wakatangaza kwamba watawasawazisha kope watu wote waliogeuka kope. Bi Mwaija alikuwa wa kwanza kuingia siku ile, na Munira wa pili, amekaa kwenye benchi mlangoni akisubiri zamu. Haikupita robo saa Bi Mwaija akatoka mbio, kitambaa cha kufunikia bado kinaning'inia shingoni, amelishika jicho la kushoto, anapiga kelele: "Wameniua jicho! Wamelidunga sindano likafa!" Benchi zima liliinuka. Wanawake walitawanyika, kila mmoja na njia yake. Kesho yake jicho lilikuwa jeusi, limevimba kama bilinganya, na Bi Mwaija alilitembeza mtaa kwa mtaa. Leo hii lile jicho la kushoto lina chamba cheupe, haoni nalo hata moto. Nani angembishia? Ushahidi alikuwa nao usoni.

Tangu hapo gari la macho likija Handeni, wanawake wa Chanika walikuja kwanza barazani kwake kuuliza. Naye jibu lake lilikuwa moja tu. "Nitazame," aliwaambia.

Sasa turudi kwenye ile ngozi iliyong'oka. Munira alifuta damu, akasema taratibu, "Jicho lako la kulia limeanza, Mwaija. Usinifiche mimi."

"Limeanza nini? Ni jua tu."

Haikuwa jua. Bi Mwaija alijua haikuwa jua. Kwa miezi sita sasa taa ilikuwa na duara kuizunguka, na juzi alimfukuza mbuzi wa jirani kumbe ni ndoo ya maji. Jicho la kulia lilikuwa linatoka machozi tangu alfajiri, linachoma kama limetiwa mchanga, na ukungu ulikuwa umeanza kulitambaa. Alilo nalo ni hilo hilo moja. Likienda, basi naye atashika fimbo kama Munira, na hakuna wa kumng'oa. Usiku ule hakulala kwa hofu.

Asubuhi alimpigia simu binti yake Shida, aliyeolewa Kwamndolwa, Korogwe.

"Kuna mtu kaniuliza," alianza. "Si mimi. Mtu tu wa huku. Anauliza kama huko kwenu wapo wanaosawazisha kope."

Shida anamjua mama yake. "Wapo, mama. Kituo cha afya hapa mjini, wiki ijayo Jumanne. Mwambie huyo mtu aje Jumatatu alale kwangu."

"Nitamwambia. Na sindano wanapiga?"

"Mama, bila ganzi si watu watakufa kwa maumivu?"

"Nimeuliza wanapiga au hawapigi!"

"Wanapiga."

Akakata simu. Lakini Jumatatu aliwaaga majirani kwamba anakwenda kumwona mjukuu. Hata Munira naye aliambiwa hivyo hivyo. Munira alimshika mkono kwa muda, akauliza tu, "Ijumaa utakuwa umerudi?"

"Inshallah."

Basi, Jumanne asubuhi pale Kwamndolwa, Shida akiwa jikoni anachemsha chai, Bi Mwaija aliingia chumbani na kibano na kioo akafanya jambo ambalo ni yeye peke yake angeweza kulifikiria. Aling'oa kope tatu za jicho la kulia. Hakung'oa kwa kupata nafuu. Alimtega daktari. Akiwa daktari wa kweli, aliwaza, atajua kuna zilizotolewa na atazihesabu. Akiwa tapeli atasema jicho ni zuri, au atakata popote. Akakunja kibano kwenye leso, akakichomeka kifuani, akanywa chai yake.

Kituoni aliketi kwenye benchi na Shida, akahesabu wanaoingia na wanaotoka. Waliingia sita. Wakatoka watano, kila mmoja na bendeji jichoni.

"Shida. Wa sita yuko wapi?"

"Bado yuko ndani, mama."

"Aliingia kabla ya yule mwenye kikoi, na mwenye kikoi katoka. Inuka twende."

Shida aliinuka kweli, akazunguka jengo, akamkuta wa sita anatoka msalani, bendeji jichoni, anafunga mkanda. Akaja naye mpaka benchini amwoneshe. Mama akamkagua yule mzee kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

Alipoitwa, alikuta watu wawili chumbani. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye uso wa kicheko, anaitwa Yuditha. Tabibu alikuwa kijana mwembamba wa miaka kama thelathini na tano, jina lake Ernesti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mzee Julius, bibi. Wa Mkumbara."

"Mkumbara ya juu au ya chini?"

"Mkumbara kwetu ni ile ya barabarani, bibi. Ya juu naisikia kwako leo."

Bi Mwaija akatikisa kichwa kidogo. Mtego wa kwanza kauruka. Mshambaa, lakini angalau kwao anakujua.

Ernesti alivaa miwani yake ya kukuzia, akamsogeza kwenye mwanga, akakipindua kifuniko cha jicho kwa kidole. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka puani.

"Bibi, leo asubuhi umeng'oa."

"Nani kasema?"

"Tundu linasema. Tatu. Mbili zimetoka na shina. Ya tatu imekatika."

"Haikukatika!" Bi Mwaija aliruka kwenye kiti. "Mimi sijawahi kukata ukope tangu nizaliwe. Waulize Chanika nzima!"

"Imekatika, bibi, na hiyo ndiyo mbaya. Ukope mzima unapinda ukigusa jicho. Kipande kinasimama kama kisiki cha muwa, kinachoma." Akatazama tena. "Na viko vipande vingine vya zamani. Vitano. Hivi ndivyo vinavyokumaliza."

Hakuna neno ambalo lingemuuma Bi Mwaija zaidi ya hilo, hata angeitwa mchawi. Kibano kilikuwa pale pale kifuani mwake, kwenye leso, na ghafla alikiona kizito. Lakini alichomtegea daktari amekipata, na zaidi. Huyu anajua kuhesabu.

"Nioneshe sindano," alisema.

Ernesti hakukataa. Aliitoa, nyembamba kuliko alivyoikumbuka. Kichupa cha dawa alikuwa amekifumbata kiganjani muda wote ule.

"Mbona umekishika hivyo? Unakificha?"

"Nakipasha joto, bibi. Dawa ya baridi inauma zaidi inapoingia."

"Ina nini ndani?"

"Ganzi, ile ile ya watu wa meno, na kidogo cha kuzuia damu."

"Basi jidunge wewe kwanza."

Muuguzi Yuditha akaziba mdomo kwa mkono. Ernesti akasema kwa adabu zote, "Nikijidunga, mkono utakufa ganzi, bibi. Sasa nitakushona na nini?"

Jibu hilo likamkera sana, kwa sababu lilikuwa na akili.

"Haiingii kwenye jicho lenyewe," Ernesti aliendelea, akaonesha kwenye kifuniko chake mwenyewe. "Inapita hapa, chini ya ngozi, juu kidogo ya mstari wa kope. Nailaza hivi. Ncha inaelekea pembeni, haielekei mboni. Hata ukishtuka, inakwenda upande wa sikio. Na nasukuma dawa polepole. Itakuchoma kidogo mwanzoni, halafu utaona uzito, halafu hutaona kitu."

"Hapo pa kutoona kitu ndipo ninapopaogopa mimi," Bi Mwaija alisema, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Kazini kwake maumivu ndiyo mlinzi. Mteja akishtuka unajua umeshika ukope na si ngozi, na mteja naye anajua nini kinafanyika. Mtu akikuondolea maumivu amemfukuza mlinzi mlangoni. Sasa akiiba, nani atapiga kelele?

Hata hivyo alilala kitandani. Ilikuwa ama kitanda kile ama fimbo, na hilo alijua tangu nyumbani. Alitiwa matone, akaoshwa uso kwa dawa ya rangi ya kahawia, akafunikwa kitambaa chenye tundu. Akagomba kitambaa kinanuka, Yuditha akamwambia ananuka yeye dawa ya kahawia. Kisha Ernesti akasogeza mkono. Kabla ya sindano kugusa ngozi, Bi Mwaija aliona kitu kinamgusa mfupa wa shavu. Kilikuwa kidole cha mwisho cha yule kijana, kimeegemea pale pale anapoegemeza yeye.

"Nani kakufundisha kuegemeza kidole?"

"Mwalimu wangu. Alisema mkono wa hewani haushoni, unararua."

Mama yake alisema mkono wa hewani unang'oa ngozi. Bi Mwaija hakumwambia. Ila mabega yake, yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni, yalishuka.

Sindano ikaingia. Ilichoma kama pilipili, lakini polepole, kama alivyoambiwa, kisha ikaacha. Ernesti alikanda ngozi kwa kitambaa laini, dawa isambae. Wakasubiri. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na nje mtu alikuwa anauza maandazi.

"Unasikia, bibi?"

"Nasikia! Unaniua!"

"Bado sijagusa."

Yuditha ilibidi aende dirishani acheke amalize. Hata Ernesti sauti ilimtetemeka. Wakasubiri tena, dakika tatu, nne, tano. Kisha kijana akachukua kibano chake, maana naye alikuwa na kibano, akaufinya ukingo wa jicho.

"Sasa je? Nimefinya."

Bi Mwaija hakusikia kitu. Hakuna uchungu, hakuna ngozi. Kifuniko cha jicho hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu kizito, kigeni, kama kipande cha ugali kimebandikwa usoni. Na hapo mwili wake ukakumbuka kabla yake. Ilikuwa hivi hivi! Darasani, miaka ile, ilikuwa hivi hivi kabisa, uzito huu huu, na yeye akajua jicho limekufa. Aliinuka. Alikaa katikati ya kitanda, kitambaa kimemwangukia shingoni.

Ernesti alikuwa ameshaondoa mikono yake yote. Hakumshika. "Bibi," alisema. "Hiyo ni ganzi tu. Kabla ya alasiri itakuwa imekwisha."

"Ndivyo mlivyosema siku ile! Mkanidunga la kushoto likafa. Kesho yake jeusi, limevimba!"

"Siku ile walikukata?"

"Nani?"

"Waganga. Baada ya sindano walikukata? Walikushona?"

Bi Mwaija alifungua mdomo. "Sikusubiri," alisema.

"Kwa hiyo ilikuwa sindano peke yake."

"Peke yake."

"Na uvimbe ulikaa siku ngapi?"

Siku tatu. Alikumbuka vizuri, maana siku ya nne mtu wa mwisho aliyekuja kutazama alikuta jicho limeshapoa, na yeye aliona aibu kidogo kwamba hakuna cha kuonesha. "Tatu," alisema kwa sauti ndogo.

"Sindano ya ganzi huvimbisha, bibi. Maji yake yanakaa ndani ya ngozi, na ikigusa mshipa inaacha weusi. Siku tatu, nne, unapungua. Baada ya hapo uliona nalo?"

Aliona nalo. Ehe, aliona nalo miaka sita mizima! Aling'oa watu kope kwa macho yote mawili miaka sita, mpaka chamba kilipokuja taratibu kama moshi wa jirani. Hilo lilikuwepo siku zote kichwani mwake, limekaa kwenye kona, na yeye, mwenye kuhesabu njiti za kiberiti, hakuwahi hata siku moja kulihesabu. Alikuwa ameshawaambia watu. Lilipokufa jicho, alishukuru kidogo, Mungu amsamehe, kwamba hakuwa mwongo.

"Zilizoliua jicho lako ni kope," Ernesti alisema polepole. "Si sisi."

Nje yule mtu wa maandazi bado alikuwa anaita. Bi Mwaija hakuwaza jicho lake tena. Aliliwaza benchi la mlangoni, na aliyekuwa wa pili.

"Endelea," alisema, akalala. "Na nikiongea usinijibu."

Hakuongea. Alisikia mvuto, na mkasi, na uzi ukipita, kama mtu anayeshonewa gauni akiwa amelivaa. Maumivu hayakuwepo, na safari hii hakumtafuta yule mlinzi. Kutoka jicho la kushoto, lile jeupe, machozi yalitiririka mpaka ndani ya sikio, na Yuditha aliyafuta akidhani ni woga.

Kesho yake bendeji ilitolewa. Shida alimwangalia mama yake akaweka mkono mdomoni. Jicho lilikuwa jeusi, limevimba kama bilinganya.

"Mama! Wamekufanya nini?"

"Nyamaza. Nipe kioo."

Alijitazama. Ni uso ule ule. Uso alioutembeza Chanika, mtaa kwa mtaa, akisema nitazameni. Na kupitia upenyo mdogo wa uvimbe alikuwa anaona kioo, anaona ukuta, anaona mwanawe amevaa gauni la kijani. Siku ya pili uvimbe ulipungua. Siku ya nne ulikwisha. Kope zilikuwa zimesimama nje kama za mtoto, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akipepesa hakuna kinachochoma. Shida alipiga vigelegele. Mama yake alikaa kitandani akalia kwa sauti mpaka mkwewe Hashim akatoka nje kwa heshima, na hakutaka kusema analilia nini.

Alikaa Kwamndolwa mpaka nyuzi zikatolewa. Ijumaa mbili zikapita.

Ya tatu alikuwa nyumbani. Hakuwa amemaliza kufagia baraza alipoisikia fimbo. Munira alikuja, akapapasa kigoda, akaketi, akaelekeza uso kwenye jua.

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo."

"Hukwenda kwa mjukuu," Munira alisema. "Siku ile ulivyoniaga mkono wako ulikuwa na jasho. Mjukuu hatoi mtu jasho."

Bi Mwaija alichukua jivu, akachukua kibano, akaegemeza kidole. Akatazama. Na mara hii aliona. Aliona kila kovu. Aliona visiki, vidogo, vyeusi, vimepangana kwenye ukingo wa jicho la mwenzake, saba, nane, tisa, na kila kimoja yeye ndiye aliyekikata Ijumaa fulani. Aliona mahali aliponyofoa ngozi. Akakiweka kibano chini.

"Munira. Sindano haikuua jicho langu."

Akasema yote. Alisema alivyokimbia kabla hajakatwa, alivyopona siku ya nne, alivyoona miaka sita na asiseme. Alisema la kulia limedungwa sindano ile ile, likavimba vile vile, na sasa anaona nalo hata tundu la sikio la Munira. Alisema haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu asije akaonwa, na mwisho akaishiwa.

Munira alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa wa pili," alisema.

"Ulikuwa wa pili."

"Ulipotoka nilikuuliza, Mwaija, umeona nini? Ukasema wameua jicho. Na mimi siku ile nilikuwa naona. Nilikuwa naona vizuri. Wewe ulivaa kanga nyekundu yenye nakshi ya korosho, na mlangoni kulikuwa na kuku na vifaranga vyake. Nilivihesabu nikikusubiri. Vilikuwa saba."

"Nisamehe, mwenzangu. Wallahi, nisamehe."

Munira hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alipepesa, akakunja uso kwa kuchomwa, kama alivyokunja kila dakika kwa miaka yote hiyo.

"Wakinishona, macho yatarudi?"

"Hayatarudi." Bi Mwaija alikuwa analia waziwazi sasa. "Kuchoma ndiko kutakwisha. Kuchoma tu."

"Lete hicho kibano."

Akampa. Munira alikipapasa kwanza, ncha mpaka mwisho, kisha akakifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Utanipeleka Korogwe," alisema. "Utanishika mkono mpaka kitandani, na utasimama kichwani pangu. Siku ile niliinuka kwa ajili yako. Safari hii nikiinuka, unilaze."